Nguo ya Kariakoo, Jina la Morogoro

Biashara ya mavazi mjini Morogoro ina mlango mmoja mwepesi, na vijana wanaujua. Mtu hununua tisheti zisizo na maandishi kwa jumla Kariakoo, Dar es Salaam, hung'oa kilebo cha kiwandani shingoni, hushona chake chenye jina alilobuni, huchapa nembo kifuani, kisha hupiga picha nzuri na kuziuza mtandaoni kwa bei inayokaribia mara mbili ya ile aliyonunulia. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, mzigo wa namna hiyo hufuatwa asubuhi na jioni ukawa umeshafika. Wanunuzi nao hawako mbali: mjini kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha Waislamu, Mzumbe iko jirani, na mwanafunzi ni mtu anayetaka kuonekana tofauti kwa pesa kidogo. Wapo wanaoisifu kazi hii kuwa ni ubunifu wa vijana, na wapo wanaoiita utapeli wa kistaarabu. Mimi naona kubadili lebo ni njia halali, tena nafuu, ya kujaribu kama jina lako lina mnunuzi, na kwamba faida yake inaishia hapo. Anayeichukua kama jaribio anajifunza jambo ambalo Morogoro ililipia gharama kubwa kulijua. Anayeifanya kuwa biashara ya kudumu anategemea kitu kisichokuwa mikononi mwake.

Tuanze na shutuma ya utapeli, maana ndiyo inayotajwa kwanza. Ikiwa kuuza kwa jina lako kitambaa kilichotengenezwa na wengine ni utapeli, basi pwani yetu haina vazi la heshima lililo safi. Kanga, ambayo leo hakuna anayethubutu kuiita ya kigeni, ilikua mwishoni mwa karne ya 19 katika mikono ya wafanyabiashara wa Zanzibar na Mombasa ambao hawakuwa na kiwanda hata kimoja. Waliwasikiliza wanawake wa mjini, wakachagua mchoro na maneno, wakapeleka oda Ulaya, na baadaye India na Japani, kisha wakapokea mizigo iliyochapwa na watu ambao hawakujua Kiswahili. Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka Mombasa mwaka 1887, aliweka alama yake ya Mali ya Abdulla pembezoni mwa kanga hizo. Mnunuzi aliyeitafuta alama hiyo hakuwa anaulizia mashine ilikuwa mji gani. Alitaka kujua kama rangi ingechuja, kama kitambaa kingekuwa kizito kama cha mwaka jana, na kama mchoro ulikuwa mpya. Jina la mwenye duka lilimjibu maswali hayo, na lilimjibu kwa sababu mwenye duka alikuwa na uwezo wa kukataa mzigo mbovu na kubadilisha kiwanda.

Katika mfano huo wa kanga kuna tofauti ambayo wanaoutumia kujitetea huiruka. Wenye alama wale hawakuokota kanga zilizokuwa zimeshachapwa wakazibandika majina. Waliagiza. Mchoro ulikuwa wao, kipimo kilikuwa chao, na kiwanda kilifanya walichotaka. Mwenye tisheti za Kariakoo hajafika huko: amechagua kutoka katika kilichopo, na kilichopo kiliamuliwa na mwagizaji wa jumla aliyekwenda Guangzhou, China, akiwa na wateja wengine kabisa kichwani. Merikani, ile shiti isiyopaushwa iliyotoka Massachusetts na kuteka masoko ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1830, inatufundisha upande wa pili wa jambo hilo. Ilikuwa na jina kubwa kiasi kwamba misafara iliitumia kama fedha. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokata ugavi wa pamba, nafasi yake ilianza kuchukuliwa na vitambaa vya Uingereza na kisha vya Bombay, vilivyofumwa kwa kuiga. Aliyekuwa akiuza merikani bila kumiliki chochote katika ufumaji wake alibaki na jina, na kitambaa kikawa kingine.

Nje ya eneo letu mfano ulio wazi zaidi ni wa Virgil Abloh, Mmarekani mwenye asili ya Ghana. Mwaka 2012 alianzisha Pyrex Vision kwa kununua mashati yaliyobaki ya Ralph Lauren, ambayo dukani yalishuka hadi dola kama 40, akachapa maneno yake mgongoni na kuyauza kwa dola 550. Alichekwa na kusemwa sana. Hakukaa hapo. Mwaka uliofuata aliifunga na kuanzisha Off-White mjini Milano, ambako nguo zilibuniwa na kushonwa kwa oda yake, na mwaka 2018 akawa mkurugenzi wa ubunifu wa mavazi ya kiume wa Louis Vuitton. Wanaomtaja kama kinga ya kubadili lebo husahau kutaja kuwa hatua hiyo kwake ilidumu kwa muda mfupi mno.

Sheria ya Tanzania nayo inatenganisha mambo ambayo mtaani huchanganywa. Kununua nguo isiyo na chapa ya mtu na kuiwekea jina lako si kosa. Kushona kilebo cha kampuni maarufu juu ya nguo ambayo kampuni hiyo haikuitengeneza ni bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ina mamlaka ya kuikamata na kuiteketeza. Katikati ya hayo mawili ndipo vijana wanapojikwaa bila kujua. Sheria hiyo inakataza pia maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na nchi inakotengenezwa ni mojawapo ya maelezo hayo. Kung'oa kilebo kinachosema nguo imetengenezwa China na kushona kinachosema imetengenezwa Tanzania, eti kwa kuwa nembo imechapwa Morogoro, ni kuvuka mstari. Kanuni za asili ya bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki za mwaka 2015 zina msimamo huohuo katika biashara ya mipakani: kubandika alama, lebo au kufungasha upya hakuipi bidhaa uraia mpya. Mchina akishona, hata ukiipamba vipi, nguo ni ya China.

Hapa mpinzani atauliza: mnunuzi wa Morogoro si mjinga, anajua kabisa tisheti imetoka wapi, kwa hiyo nani anadanganywa? Swali hili lina uzito, na kwa sehemu kubwa ni la kweli. Mtu anayelipa shilingi 15,000 kwa tisheti yenye jina la kundi la marafiki zake hanunui mshono. Ananunua mchoro, utani wanaouelewa wao, ile hali ya kuwa wa kwanza kuivaa bwenini. Ila ujuzi huo wa mnunuzi humsaidia muuzaji mkweli tu. Ikiwa kila mtu anajua, basi kuandika wazi kwamba nguo imeshonwa China na kuchapwa Morogoro hakugharimu chochote. Anayeshindwa kuandika hivyo ndiye anayejua kwamba wapo wasiojua: mzazi anayenunulia zawadi, mtalii anayeshuka kutoka maporomoko ya Choma akidhani amechangia kazi ya mikono ya Waluguru, ofisi inayoagiza sare kwa masharti ya bidhaa za ndani. Hao ndio wanaodanganywa, na hela yao huwa ndiyo nono zaidi. Kwa mitumba kosa ni kubwa zaidi: kung'oa lebo ya sweta lililotoka kwenye robota na kulishonea jina jipya ili lionekane halijavaliwa ni uongo juu ya hali ya nguo yenyewe.

Udanganyifu, hata hivyo, si udhaifu mkubwa wa biashara hii. Mwaminifu pia huanguka, na huangushwa na mzigo wa pili. Tufanye hesabu ya kubuni. Mtu ananunua tisheti 100 kwa shilingi 7,000 kila moja, lebo na uchapaji vinamgharimu 2,500 kwa kila nguo, jumla 950,000. Anauza zote kwa 15,000, anapata 1,500,000, na faida ghafi ni 550,000. Anarudi Kariakoo na kukuta mzigo ule umekwisha. Muuzaji anamwonyesha mwingine unaofanana kwa rangi, anaambiwa ni uleule, anabeba. Kitambaa kumbe ni chepesi, M ya mzigo huu ni S ya ule, na baada ya kufuliwa mara mbili shingo inalegea. Wanunuzi 30 wakidai pesa zao na akawarudishia, 450,000 zimeondoka na faida imebaki 100,000, hapo hajahesabu nauli, bando wala muda. Asipowarudishia, jina alilolilipia kwa picha na matangazo limekwisha thamani. Muuzaji wa jumla hajaguswa na lolote kati ya hayo, kwa kuwa jina lililopo shingoni si lake. Hiyo ndiyo bei halisi ya lebo: ukishashona yako, makosa ya fundi usiyemjua yanakuwa makosa yako. Watu husema kizuri chajiuza, na kwa nguo ya aina hii ni kweli kwa mzigo mmoja tu, maana uzuri wenyewe hauna uhakika wa kurudi.

Linalofuata ni kunakiliwa. Ambacho wewe umenunua Kariakoo, jirani yako pia atanunua, na mchoro uliopendwa Jumatatu huonekana kwa mwingine Ijumaa kwa bei pungufu. Kinga iliyopo ni alama ya biashara iliyosajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambapo mavazi yamo katika daraja la 25. Usajili hudumu miaka 7 na kuhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Wengi hudhani cheti cha jina la biashara kinatosha. Hakitoshi: kinakutambulisha wewe mfanyabiashara, wala hakikupi haki ya peke yako juu ya neno lililopo kwenye nguo. Anayetaka jina tupu la mahali, kama Uluguru, atakuta ugumu, kwa kuwa kila muuzaji wa milimani ana haki ya kusema anakotoka. Na anayeuza hadi Unguja akumbuke kwamba Zanzibar ina usajili wake, na cheti cha Bara hakivuki maji. Lakini usajili hulinda jina tu. Ubora wa nguo ukiyumba, umesajili kitu kinachoyumba.

Kwa nini basi niseme kubadili lebo kuna maana? Kwa sababu Morogoro imewahi kuona kinyume chake. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 mji huu ulichaguliwa kuwa kitovu cha viwanda: turubai, nguo, magunia, ngozi, viatu. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Hakikuwahi kukaribia kiwango hicho. Kilizalisha chini ya asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Mashine zilikuwepo, jengo lilikuwepo, ngozi ilikuwepo nchini. Mnunuzi wa Ulaya aliyetaka kiatu kile, kwa jina lile, hakuwepo, na hakuna aliyekuwa amejaribu kumtafuta kwa jozi 100 kabla ya kujenga kiwanda cha milioni 4. Zilikuwepo sababu nyingine, za vipuri, fedha za kigeni na usimamizi, na haifai kuzidharau. Ila mpangilio wa hatua ulikuwa umegeuzwa: uzalishaji kwanza, soko baadaye. Kijana wa tisheti ameanza na soko. Kwa shilingi laki kadhaa anajua kama jina linavutia, rangi ipi inabaki rafuni, na katika kila nguo kumi wangapi huulizia XL. Akiwa ameandika hayo yote kwenye daftari, ana kitu ambacho wapangaji wa kiwanda kile hawakuwa nacho.

Anapofikia hapo, mji unampa fursa ya ajabu. Mazava, kiwanda kilichopo Morogoro chini ya utaratibu wa maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, kimeajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake vijana, wanaoshona mavazi ya michezo yanayokwenda Marekani. Lebo wanazozishona shingoni ni za kampuni za huko. Hivyo katika mji mmoja kuna watu wenye mikono ya kiwango cha dunia wasio na jina lao hata kwenye nguo moja, na mitaa michache kutoka hapo kuna wenye majina wasioweza kushona pindo. Kusema tu kwamba waunganishwe ni rahisi mno. Sheria ya maeneo hayo, iliyotungwa mwaka 2002 na kutumika hadi 2025, ilitaka angalau asilimia 80 ya uzalishaji iuzwe nje, na hata ile 20 iliyobaki isingeweza kumfaa mtu wa nguo 100, kwa kuwa laini ya kiwanda haipangwi upya kwa oda ndogo hivyo. Isitoshe, mfanyakazi wa laini hushona sehemu moja. Aliyeshika mikono ya jezi kwa miaka mitatu ana kasi ambayo fundi wa mtaani hana, na bado huenda hajawahi kukata nguo nzima.

Wapo watakaosema hapa kwamba hoja hii inawasahau mafundi cherehani, na kwamba kila tisheti ya Kariakoo yenye jina jipya ni kazi iliyoporwa kwao. Kwa tisheti, sikubaliani. Kitambaa chake huvutika, kinahitaji ovaloki na mashine maalumu ya pindo, na fundi wa kibarazani ana cherehani ya mshono mnyoofu. Nguo inayoonekana nyepesi kuliko zote ndiyo iliyo ngumu zaidi kwake, na hakuna bei ya Mchina ambayo ataishinda. Mpinzani wa fundi tangu zamani ni mtumba, na serikali za Afrika Mashariki zilipoazimia mwaka 2016 kuuondoa ifikapo 2019, shinikizo la Marekani kupitia AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, lilizirudisha nyuma karibu zote. Rwanda iliyoshikilia msimamo iliondolewa unafuu wa nguo mwaka 2018. Kumtwisha kijana wa lebo mzigo ambao serikali zilishindwa kuubeba si haki. Kwa shati, gauni la kitenge, suruali ya kazi au sare ya shule, hapo fundi ana nafasi kamili. Vitambaa vya namna hiyo havivutiki, cherehani yake inatosha, na kanga na vitenge vimekuwa vikitengenezwa papo hapo mjini na 21st Century Textiles, mrithi wa Polytex. Kununua gauni la kitenge lililoshonwa tayari kutoka nje na kulibadilisha lebo Morogoro ni uvivu usio na utetezi.

Njia ya kuanza na nguo ya kununua na kuishia kushona yako imeshapitiwa na jirani. Vivo ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Wandia Gichuru na mwenzake, ilianza kwa kuuza mavazi ya dansi na mazoezi yaliyoagizwa kutoka nje. Kutokana na walichoulizwa na wateja wao dukani, wakageukia kubuni na kushona wenyewe Kenya, kwa vipimo vya miili ya wanawake waliokuwa wakiingia dukani. Nguo za kuagiza zilikuwa zimewapa jambo moja la thamani, nalo ni wateja wanaolalamika kwa usahihi: kiuno hakikai, urefu haufiki, rangi hii haipo.

Kwa Morogoro hatua inayolingana nayo ni ndogo kuliko kiwanda na kubwa kuliko kibaraza. Ni chumba chenye ovaloki mbili, fundi mmoja anayejua kukata, na wanawake wawili au watatu waliotoka kwenye laini wakiwa na kasi yao. SIDO, ambayo ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ni mahali pa kuulizia mashine na mafunzo. Nguo ya kuanzia isiwe tisheti. Juu Mgeta na Nyandira, ambako safu ya Uluguru inapanda kuelekea mita 2,600, baridi ya Juni na Julai inataka koti na sweta, na leo mahitaji hayo yanajibiwa na robota. Koti la kazi lililokatwa kwa mtu anayepanda mlima na mzigo wa kabichi, lenye mifuko mahali anapoifikia, haliwezi kupatikana Kariakoo kwa sababu hakuna aliyelifikiria huko. Tisheti za kununua ziendelee kulipa kodi ya chumba wakati koti linatafuta wanunuzi wake. Ushuru wa pamoja wa asilimia 35, ambao tangu Julai 2022 nguo zimewekewa, miongoni mwa bidhaa nyingine kutoka nje ya Jumuiya, unampunguzia mshonaji wa ndani ukali wa ushindani kidogo, ingawa haugusi kinachopita njia za panya. Na kilebo cha koti hilo kitaweza kusema, bila kuogopa FCC, kwamba limeshonwa Morogoro. Kitambaa chake chenyewe, kwa sasa, kuna uwezekano mkubwa kitoke India au China, maana sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa ikiwa pamba nyuzi, kabla mtu yeyote nchini hajaisokota.